Nyati Hashtakiki, Mwenye Kampuni Je?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Naishika kalamu hii nikiwa na donge kooni, donge ambalo nimelibeba tangu muhula wa pili, siku ile ya mdahalo wa chama chetu katika bwalo la chakula. Wengi wenu mlikuwapo. Mada ilikuwa: "Mtalii akidhuriwa na mnyama mbugani, lawama ni yake mwenyewe." Mimi nilikuwa upande wa upinzani, na tulishindwa vibaya. Msemaji wao wa kwanza alisimama, akakohoa kidogo kama wakili mzee, akauliza, "Kwani mnataka tumpeleke simba kortini? Tumvalishe pingu?" Bwalo zima likaangua kicheko, kwa kwa kwa! Kicheko hicho ndicho kilichotumaliza. Mwalimu mlezi alipogonga kengele nilikuwa bado nimesimama, natafuta jibu, mdomo wazi kama samaki aliyetupwa ufuoni.

Jibu nimelipata sasa, ingawa kura zimekwisha kuhesabiwa na washindi walikwisha kula mandazi yao. Hakuna amtakaye simba kortini. Simba hakumwandikia mtu barua ya mwaliko. Hakuchapisha picha zake katika vitabu vya matangazo vya Ulaya wala hakupokea pesa za mgeni kabla hajapanda ndege. Walioyafanya hayo ni watu, na watu wana ofisi, wana akaunti benki na wana anwani ambapo samansi inaweza kupelekwa. Swali la haki si mnyama alifanya nini, kwa maana mnyama atafanya unyama wake tu. Swali ni nani aliyempeleka mtu mbele ya mnyama, alipata nini kwa kumpeleka, na alijua nini ambacho mgeni hakukijua.

Pengine utaniuliza, ewe msomaji, mambo haya yananihusu nini mimi, mtoto wa Voi ambaye hata kamera sina. Yananihusu kwa sababu ya mjomba wangu, ndugu yake mama.

Mjomba aliendesha magari ya watalii kwa miaka 14. Kazi yake ilikuwa kuwachukua wageni katika mahoteli ya Pwani ya Kusini saa kumi za alfajiri, kuvuka nao feri ya Likoni, na kushika barabara kuu ya Nairobi hadi lango la Buchuma, ambapo wanaingia Tsavo Mashariki. Wanalala usiku mmoja, kesho yake jioni wamerudi baharini kwa chakula cha usiku. Kwa mgeni ni safari ya siku mbili ya kusimulia miaka ishirini. Kwa mjomba ilikuwa Jumanne na Jumatano. Alifanya mtihani wa chama cha waongozaji safari wa kitaalamu cha humu nchini, ule wenye madaraja ya shaba, fedha na dhahabu, akapata beji ya shaba. Beji hiyo aliing'arisha kwa majivu kila Jumapili, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba nyati wa kuogopwa si lile kundi kubwa la mia mbili linalovuka barabara huku likikutazama kama polisi wa trafiki. Wa kuogopwa ni dume mzee aliyetengana na kundi, anayekaa peke yake kwenye kichaka karibu na maji. Ni yeye pia aliyenieleza kuhusu kiboko, kwamba usiku hutoka majini kwenda kula nyasi na alfajiri hurudi, na atakayesimama kati yake na maji saa hiyo amejiweka penye njia ya treni. Mambo hayo dereva anayajua. Mgeni aliyetoka mji wa baridi ambako mnyama mkubwa kupita wote ni farasi wa polisi, atayajulia wapi?

Sasa nisikilizeni. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Agosti, mjomba aliandika katika daftari la gari kwamba tairi la nyuma la kushoto limekuwa kipara na redio ya mawasiliano haishiki. Wiki ya pili akaandika tena maneno yale yale. Ofisini akaambiwa, "Nenda na hilo hilo, mzee. Wageni wamekwisha kulipa." Akaenda. Ukiwa na watoto wanne na karo ya shule, utafanyaje?

Mbali kidogo na mto Voi, pah! Tairi likapasuka. Kushusha spea, haina upepo wa kutosha. Sheria ya mbuga ni kwamba abiria hashuki garini ila pale palipotengwa, na mjomba aliwaambia hivyo kwa Kiingereza, kisha kwa Kijerumani chake cha kubahatisha. Yeye mwenyewe alilazimika kushuka, maana jeki haijiweki yenyewe. Jua lilikuwa la utosi. Muda ukapita, nusu saa, saa nzima. Ndani ya gari mlikuwa na mzee mmoja wa miaka sitini na kitu aliyekuwa amebanwa na haja ndogo. Aliona haya kuomba ruhusa mbele ya akina mama. Akafungua mlango wa upande wa pili polepole, akajipenyeza nyuma ya kichaka cha mswaki hatua kama kumi na tano hivi.

Kichaka kilikuwa na mwenyewe.

Mjomba anasema hakusikia mlio wowote wa nyati. Alisikia sauti ya binadamu, na aliposimama alimwona mzee wa watu yuko hewani. Alikimbia na mpini wa jeki mkononi akipiga kelele, wageni wengine wakapiga honi bila kukoma, na yule dume akageuka akaenda zake kama aliyekumbuka shughuli nyingine. Mzee alivunjika mguu na mbavu. Redio haikushika. Simu haikuwa na mtandao pale. Walikaa hapo, mjomba ameushika mguu wa mtu usitikisike, hadi gari la kampuni nyingine lilipotokea na kuita msaada. Ndege ya wagonjwa ilimchukua jioni. Alipona, na hadi leo humwandikia mjomba salamu kila Krismasi.

Sikwambii hadithi hii ili umwage machozi. Nakwambia kwa sababu ya barua mbili zilizofuata, ambazo karani mmoja mwenye imani alimpa mjomba nakala zake kisirisiri. Ya kwanza kampuni ilimwandikia wakili wa yule mzee, ikisema mteja wake alitia sahihi fomu inayosema anasafiri kwa hatari yake mwenyewe, na kwamba alivunja sheria ya mbuga kwa kushuka garini, hivyo kampuni haidaiwi hata senti. Ya pili ilikwenda kwa wakala wa ng'ambo aliyewauzia wageni wale safari. Hiyo ilisema kosa ni la dereva aliyeshindwa kuwadhibiti abiria, na kwamba dereva huyo amekwisha kufutwa kazi. Wiki moja, ofisi moja, mkono mmoja. Kwa mgeni kosa ni la mgeni, kwa wakala kosa ni la dereva. Tairi kipara halikutajwa katika barua yoyote. Ama kweli ndumakuwili huuma na kupuliza!

Hebu sasa tuitazame ile fomu, kwa kuwa ndiyo silaha ambayo washindi wetu wa mdahalo waliitegemea. "Si alitia sahihi?" walisema. Alitia, naam. Lakini mtu hukubali hatari anayoijua. Mahakama zetu, ambazo zilirithi kanuni nyingi kutoka Uingereza, hutaka kuona kwamba aliyekubali hatari aliifahamu na akaikubali kwa hiari. Mzee yule alikubali nyati. Alijua Tsavo kuna nyati, ndio maana alilipa. Hakukubali tairi lililokwisha wala redio iliyokufa, sababu hakuna aliyemwambia. Kuchanganya hatari hizo mbili ni sawa na mwenye matatu kusema kwamba abiria anajua barabarani kuna ajali, kwa hiyo breki zikikatika asilaumiwe. Nani kati yetu atakubali hoja hiyo? Hata makanga wa kwetu, na maneno yake yote, hathubutu kuitoa.

Huko Uingereza kwenyewe jambo hili waliliona mapema. Mwaka 1977 walipitisha sheria inayosema mfanyabiashara hawezi kujikinga, kwa mkataba wala kwa tangazo la ukutani, dhidi ya dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake. Na tangu kanuni zao za mwaka 1992 kuhusu safari za pamoja, zilizobadilishwa na nyingine mwaka 2018, mtalii aliyenunua safari yote kwa mfuko mmoja anaweza kumdai yule aliyemuuzia, huko huko kwao, hata kama aliyefanya kosa ni kampuni ndogo ya Mombasa au Nairobi. Ndiyo sababu barua ya pili iliandikwa kwa haraka vile. Kampuni haikumwogopa mzee aliyevunjika mbavu. Ilimwogopa wakala, kwani wakala akidaiwa kule atarudi kudai huku. Na deni linaposhuka ngazi namna hiyo, kutoka wakala hadi kampuni, kutoka kampuni hadi chini, mwisho wa ngazi hukaa nani? Hukaa dereva mwenye beji ya shaba.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa kila mtumiaji wa huduma haki ya huduma yenye kiwango kinachofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kufidiwa akiumia kwa sababu ya kasoro ya huduma hiyo. Sikuona pahali palipoandikwa "isipokuwa aliyetoka Ujerumani". Isitoshe, tunayo Sheria ya Wajibu wa Mwenye Mahali, Sura ya 34, inayomtaka mwenye hoteli au kambi achukue tahadhari ya kadiri inayofaa ili mgeni wake awe salama. Kibao cha onyo peke yake hakimwondolei lawama, ila kama kilitosha kumwezesha mgeni kujikinga. Fikiria kibao kisemacho "Hatari, Viboko" kilichopigiliwa kando ya viti vya kupumzikia, kwenye nyasi nzuri zinazomwagiwa maji kila siku, kando ya ziwa. Hizo nyasi nani amezipanda? Na kiboko anakula nini, bwana we, maandazi?

Wala sheria ya ujirani mwema si ngeni kwetu. Mwalimu wetu wa Historia hupenda kutusimulia kisa cha mwanamke wa Uskoti ambaye mwaka 1928, katika mji wa Paisley, alikunywa soda ya tangawizi akaona mabaki ya konokono yakitoka chupani. Hakuinunua yeye, aliinunuliwa na rafiki, kwa hiyo hakuwa na mkataba na yeyote. Kesi yake ilipanda hadi Bunge la Malodi, na mwaka 1932 Lodi Atkin akaamua kwamba jirani yako kisheria ni yule ambaye ungepaswa kumfikiria unapofanya jambo linaloweza kumdhuru. Konokono yule mdogo amewalipisha watu fidia dunia nzima. Huwa najiuliza, kama chupa moja ilitosha, gari zima la watalii lisilo na redio katikati ya Tsavo litashindwa vipi?

Sitaki mnielewe vibaya. Simtetei kila mtalii. Wako vichwa ngumu, na mjomba amenisimulia vituko vyao: anayemrushia nyani ndizi, kesho yake nyani akamkwaruza mtoto wa mgeni mwingine, anayempa dereva bakshishi ya dola ishirini asogee karibu zaidi na ndovu mwenye mtoto. Mwezi Julai 2024 huko Pilanesberg, Afrika Kusini, mtalii wa Kihispania alishuka garini akalifuata kundi la ndovu lenye ndama ili alipige picha, na ndovu wakamuua. Alikuwa akiliendesha gari lake mwenyewe, na wenzake waliokuwa naye walimsihi arudi. Hapo kusema kweli sioni ni kampuni gani ungeibebesha mzigo. Sheria yetu inaijua hali hii. Hakimu anaweza kuugawanya mzigo wa kosa, akasema mlalamishi alichangia sehemu fulani, na fidia yake ikapunguzwa kwa kiasi hicho. Mzee wa mjomba pengine angepunguziwa robo, au hata nusu. Sawa kabisa. Lakini nusu si sufuri. Waliotushinda katika mdahalo walipiga kura ya sufuri.

Naja sasa kwenye jambo linaloniumiza zaidi, na hapa nawaomba utulivu.

Agosti 2018, katika Ziwa Naivasha, watalii wawili kutoka Taiwan walikuwa wakipiga picha kando ya maji. Kiboko akawavamia, mmoja akafa, mwenzake akajeruhiwa. Magazeti ya dunia yaliandika habari hiyo kwa herufi nzito. Ukiisoma hadi chini, katika mistari ya mwisho, utakuta kwamba saa chache tu kabla ya hapo kiboko alikuwa amemuua pia mvuvi wa pale pale Naivasha. Mtalii alipata kichwa cha habari, mvuvi akapata mkia.

Nyanya yangu anaishi upande wa Sagalla. Kwao ndovu si safari, ni jirani asiyebisha hodi. Mbuga mbili za Tsavo, zilizoanzishwa kama mbuga moja mwaka 1948, zimechukua zaidi ya nusu ya Kaunti ya Taita Taveta, na mpaka ambao serikali iliuchora ndovu hawakuonyeshwa ramani yake. Wakulima wa Sagalla wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Ndovu akiigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na ndovu huchukia nyuki kuliko risasi. Ni werevu wa kupigiwa makofi. Lakini si kila shamba lina mizinga. Jirani wa nyanya, mama mjane sasa, alimpoteza mumewe kwa ndovu alfajiri moja wakati wa mahindi mabichi. Mume hakutia sahihi fomu yoyote. Hakupiga picha. Alikuwa anapiga debe afukuze mnyama asile chakula cha watoto wake.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inasema mtu akiuawa na mnyama aliye katika orodha yake, familia ilipwe shilingi milioni 5. Ulemavu wa kudumu ni milioni 3, na jeraha jingine ni hadi milioni 2 kulingana na ukubwa wake. Kabla ya hapo kifo kilikuwa Sh200,000, na kabla ya hizo Sh30,000, bei ambayo haikutosha hata mbuzi wa matanga na jeneza. Basi milioni 5 ni hatua kubwa na naisifu. Dai hupelekwa kwa kamati ya kaunti. Mama yule alilipeleka. Alipeleka cheti cha kifo, barua ya chifu, ripoti ya polisi, ripoti ya daktari. Huu ni mwaka wa nne. Kila akienda huambiwa faili limekwenda Nairobi, kana kwamba faili nalo limekwenda utalii. Na si yeye pekee. Madai ya namna hiyo yamewahi kulimbikizana nchini hadi yakafika mabilioni ya shilingi.

Sasa angalieni maneno ya sheria hiyo. Kifungu cha 25 hakisemi "Mkenya yeyote". Kinasema mtu yeyote. Kwa usomaji wangu mimi, mwanafunzi asiye na joho, mzee wetu wa nyati naye ni mtu. Angeweza kuja na wakili wake mwenye tai akapanga foleni moja na mama wa Sagalla mbele ya mfuko mmoja ambao tayari haujai. Na kampuni iliyomleta, iliyopokea pesa zake, ingekaa pembeni ikitazama Serikali, yaani mimi na wewe na mama mjane, tukilipa kwa tairi lake kipara.

Hapo ndipo nasema la hasha! Mfuko wa umma uwe wa yule ambaye hakumwendea mnyama, bali mnyama alimjia mlangoni. Huyo hana wa kumdai ila Serikali, maana wanyama wamo mikononi mwa Serikali na faida yao inaingia huko. Lakini yule aliyeuziwa hatari kwa tiketi, alipwe kwanza na muuzaji wa tiketi. Kampuni inayouza safari ya mbugani na ikate bima ya wageni inayotosha, na leseni isitolewe bila bima hiyo kuonekana, kama vile matatu haiendi barabarani bila stika. Wageni wa kimataifa waliofika Kenya mwaka 2024 walikuwa karibu milioni 2.4. Si wote waliokwenda mbugani, na kati ya waliokwenda, walioguswa na mnyama ni wachache mno. Hatari iliyo adimu kiasi hicho ndiyo bima iliyobuniwa kwa ajili yake. Gharama yake ukiigawa kwa wageni wote, kila mmoja ataongeza kitu kidogo ambacho hata hatakihisi.

Rafiki yangu mmoja, tena tunalala bweni moja, alinijia juu niliposema haya. "Wewe unataka kuua utalii," akasema. "Wakisikia wanaweza kutushtaki watatushtaki kila siku, na kampuni ndogo za watu wetu zitafungwa, zibaki zile kubwa za Wazungu." Hoja yake ina uzito na sikuipuuza usiku ule, nililala nikiiwaza. Lakini kushtakiwa kupo tayari, na wanaoshtaki ni wale wenye nguvu za kufanya hivyo kwao. Kampuni ndogo isiyo na bima ndiyo itakayokufa siku ya kwanza nyati atakapotoka kichakani. Tena kampuni inayoogopa kulipa hununua matairi. Isiyoogopa humwandikia dereva barua ya kumfuta kazi, kwa sababu karatasi ni rahisi kuliko raba.

Na huyu dereva, tumweke wapi? Kanuni ya zamani ni kwamba mtumishi akikosea akiwa kazini, anayelipa aliyeumizwa ni mwajiri. Mwajiri anaweza kumwadhibu mtumishi wake kwa kosa la kweli, ndiyo, lakini kwa njia ya haki. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu za kutaka kumfuta, kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na asikilize majibu yake. Mjomba hakuulizwa lolote. Alikabidhiwa bahasha getini na bawabu. Ndani mlikuwa na aya moja. Alivyoisoma, akarudia, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa, akamwuliza bawabu kama watoto wake hawajambo.

Sasa anaosha matatu stendi ya Voi. Magari ya watalii yanapopita barabara kuu, anayajua kwa milio yao, na akisikia lenye mkanda uliolegea hutikisa kichwa. Kwa muda mrefu hakutaka lizungumzwe. Mama akilianzisha husema, "Achana nalo, dada yangu, mnyonge hana kesi." Mimi nilikuwa nanyamaza, mtoto haingilii maneno ya wakubwa.

Likizo iliyopita nilimwendea nikiwa na kitabu cha sheria nilichoazima kwa mwalimu mlezi. Nikamsomea kifungu cha 41. Nikamsomea pia kwamba anayo miaka mitatu ya kwenda Mahakama ya Ajira tangu siku aliyofutwa, na miwili imeshapita. Aliendelea kusugua mlango wa matatu kwa muda, sabuni ikimtiririka mkononi. Kisha akaniuliza, "Lile daftari la gari, wanaweza kulazimishwa kulitoa?" Nikamwambia korti inaweza kuwaamuru. Akasema, "Basi niliandika mara mbili, mpwa wangu. Mara mbili, na tarehe niliweka."

Barua ya kwenda kwa afisa wa leba nimeiandika mimi, kwa Kiswahili sanifu, na mwalimu mlezi ameniwekea alama za vituo nilizosahau. Nakala ya barua mbili za kampuni zimo ndani. Mjomba ataitia sahihi Jumamosi atakapokuja kunitembelea, kisha ataipeleka mwenyewe kwa mkono, na amesema ataivaa beji.